Mungu Amlipe Mwenye Kisima

Mdogo wangu aliponipigia simu dukani kuniambia kwamba chuo chake kinampa tuzo, nilipiga kigelegele mpaka mteja aliyekuwa anachagua beseni akaliangusha. Tuzo yenyewe, akanieleza, ni ya wasomi ambao utafiti wao umewafaa watu mitaani, siyo ule unaoandikwa ukafungiwa kabatini.

"Ni ule utafiti wa maji, dada. Wa visima vya huko kwetu." Nilijua anataka kuuliza nini, na yeye alijua kwamba nimejua.

"Mama atakuja?"

"Atakuja," nikasema. Wallahi sijui jeuri ile niliitoa wapi, maana Mama alikuwa hataki hata kusikia neno kisima likitajwa ndani ya nyumba yake.

Nyumba yenyewe iko Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Mbele duka, katikati vyumba, nyuma ua. Siku hizi imebanwa na maghorofa kulia na kushoto, jua linaingia uani mchana kidogo tu kisha linaondoka kama mgeni mwenye haraka zake, na kila wiki hakosi dalali wa kuja kuuliza tunauza lini. Hatuuzi! Nikiwa mtoto, ua ule ulikuwa na anga lake zima. Baba yangu, mtu wa asili ya Kiarabu kama wenye maduka wengi wa mtaa wetu wakati ule, alikuwa anauza ndoo, kamba na mabeseni, duka hilihili ninalokaa mimi leo. Akachimbisha kisima pale uani, akakitoa sadaka. Ile sadaka ya kudumu, ambayo watu wakiendelea kufaidika nayo, thawabu zake zinamfuata aliyeitoa hata akiwa kaburini. Akatoboa ukuta wa nyuma, akaweka mlango wa kutokea uchochoroni, akasema mlango huo mchana haufungwi, anayetaka maji aingie.

"Muuza ndoo anachimba kisima?" wenzake wa msikitini wakamtania. "Wewe hutafuti pepo, unatafuta soko."

"Natafuta vyote viwili, mkinikubalia," Baba akawajibu.

Basi kutwa nzima watu walikuwa wakiingia. Wabeba mizigo wa sokoni na jasho lao, mafundi wa gereji na mikono yao ya grisi, mama lishe, wapangaji wetu waliotoka Mtwara na Lindi, Waislamu kwa Wakristo. Utaratibu ulikuwa mmoja kwa wote. Unachota, unashika kata ya kifuu iliyotundikwa kwenye msumari, na kabla hujaitia mdomoni unasema, "Mungu amlipe mwenye kisima." Baba akisikia kutoka dukani anaitika kwa sauti, "Na wewe!" Hata awe anapima kamba, hata awe anagombana na mteja juu ya bei, ataachia hapo aitike kwanza. Sisi watoto tulikuwa tunajificha uani tunasema kwa kubadilisha sauti, mara ya kizee, mara ya mlevi, ili tumsikie akiitika. Alikuwa anajua kabisa ni sisi, na anaitika vilevile.

Jamani, mambo yale! Harufu ya kamba mpya za katani, udi wa Mama siku ya Ijumaa, maandazi ya iliki yanatoka chumba cha wapangaji, na ile "Na wewe!" inapita juu ya kila kitu. Ningeweza kununua mchana mmoja tu wa siku zile, ningeuza duka zima na mabeseni yake.

Baba alipofariki, Mama alikaa eda chumba cha nyuma, dirisha lake linatazama uani. Kila nilipompelekea chai nilimkuta ametega sikio. "Umesikia?" ananiuliza. "Huyo ni fundi. Amemwombea baba yenu." Dua zile ndizo zilizomshika asianguke. Hata eda ilipokwisha aliendelea kukaa dirishani pale kila alasiri na tasbihi yake. Hakuwa analia. Alikuwa anasikiliza, na anasema kila ndoo inayopanda, mume wake inamfikia.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa ameshaanza kufundisha chuo kikuu, na utafiti wake ulikuwa wa maji ya kunywa. Mvua kubwa zikinyesha, bonde la Jangwani linajaa, vyoo vinafurika, na huku kwetu mashimo ya zamani ya choo yamejazana chini ya nyumba, hakuna anayekumbuka yote yako wapi. Akawa anazunguka na viboksi vya barafu vyenye vichupa ndani, anabisha hodi uani kwa watu, Jangwani, Mchafukoge, mpaka Gerezani. Watoto walimwita Daktari wa Maji. Mimi nilimwita muuza aiskrimu. Mama hakuwa na la kusema isipokuwa kumsifia kwa kila aliyepita, "Mwanangu huyo, anasomea maji, kama baba yake."

Ikafika zamu ya kisima chetu.

Majibu yalipotoka, mdogo wangu alifanya kosa la walimu. Badala ya kwenda kwanza kukaa na Mama faragha chumbani, wakaongea wawili, aliwakusanya wapangaji wote uani akasimama kama yuko darasani. Akaeleza kwa utaratibu, vizuri kabisa: choo cha nyumba ya pili kiko wapi, uchafu unapita vipi chini ya ardhi, maji haya yanafaa kupigia deki lakini yasinywewe tena. Mama akainuka kwenye mkeka.

"Kumbe nilikusomesha ili uje umfukie baba yako mara ya pili?"

Mdogo wangu akabaki na kichupa chake mkononi, machozi yanamtoka mbele za watu.

Msimu ule Mama akawa anakunywa maji ya kisima makusudi, hadharani, kata kwa kata, huku anatukodolea macho. Ungemwambia nini? Mpaka mtoto wa jirani yetu alipougua. Jirani huyu ni mwanamama wa Kimakonde, mpangaji wetu wa siku nyingi, Mkristo wa kweli wa kanisani kila Jumapili, na binti yake mdogo, aliyekuwa anakunywa maji yaleyale, alishikwa na tumbo la kuhara mpaka akawa hawezi kuinua kichwa. Wakambeba hospitali. Mama hakula, hakulala. Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Siku aliporudishwa, Mama alikwenda uani, akakifunika kisima kwa mfuniko wa chuma, akaishusha ile kata kwenye msumari, akaitia ndani ya sanduku lake la nguo. Akafunga dirisha la nyuma, akahamia kulala chumba cha mbele, na tangu hapo hakukanyaga uani. Atakayetaja kisima, mlango ule pale.

Mdogo wangu hakuacha kazi yake. Alikaa na kina mama wa uani, wakapandisha tenki juu ya mnara mdogo, wakavuta maji ya bomba, wakagawana zamu za kulisafisha na kutia dawa. Bomba lenyewe likawekwa palepale pembeni ya kisima, na mlango wa uchochoroni ukabaki wazi. Wa nyumba nyingine wakaiga, na Jangwani wakaiga. Ndicho kilichomletea tuzo. Lakini kati yake na Mama zilibaki salamu tu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Imekwisha hiyo.

Siku moja tunachambua mchele, Mama akaniambia bila kuniangalia, "Mimi simchukii mdogo wako. Yule mtoto angekufa, ningeificha wapi sura yangu? Lakini baba yenu sasa anaombewa na nani? Dua ilikuwa kwenye kamba ile ya kisima. Kamba imekatika, mtu wa watu amesahauliwa." Mimi nimeolewa, nalala kwangu, na kutwa niko mbele dukani, ambako siku hizi spika za wamachinga zinapiga kelele za bei mpaka huwezi kusikia hata unachofikiri mwenyewe. Ya uani nitayasikia wapi? Iliniuma sana, maana na mimi niliamini hivyohivyo.

Basi siku ya tuzo ikafika. Mama, "Siendi." Nikambembeleza. "Siendi." Jirani wa Kimakonde akatokea mlangoni amevaa gauni lake la Pasaka, kitambaa kichwani kimesimama kama kengele.

"Msimsumbue mama wa watu," akasema. "Kile kiti cha mbele cha mzazi nitakaa mimi. Wakiuliza mama wa mshindi ni nani, nanyoosha mkono."

"Thubutu!" Mama akasema, na papohapo akaanza kutafuta baibui lake jeusi lenye nakshi. Njia nzima alikuwa amenuna, lakini alikuwa kwenye gari.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na baridi ya kiyoyozi na watu waliovaa suti. Mdogo wangu alipoitwa, kina mama wa mtaani kwetu wakainuka na khanga zao wakazitandika kwenye njia ili apite juu yake, kama inavyofanywa kwetu mtu akiheshimiwa. Kijana wa itifaki akaja mbio, "Mama zangu, zulia si lipo?" Jirani akamjibu, "Zulia ni lenu. Khanga ni yetu." Mdogo wangu akavua viatu, akapita. Makofi yalikuwa mengi. Mama alikaa wima na mikono mapajani, hakupiga.

Kwa kuwa tuzo ilikuwa ya kazi iliyowafikia wananchi, utaratibu wao ulikuwa mwananchi mmoja asimame aseme. Akaitwa jirani. Akashika kipaza sauti kama anayeshika mwiko.

"Mimi sikusoma habari za vijidudu," akasema. "Ninachojua, binti yangu anasoma shule na alikuwa afe. Na mkituona tunakunywa pale bombani, msidhani tunakunywa hivihivi. Hakuna anayekunywa kabla hajasema Mungu amlipe mwenye kisima. Mimi nasema, wabeba mizigo wanasema, watoto ambao mzee hawakumwona hata kwa picha wanasema. Kisima kimefunikwa, lakini maji tunayaita yake. Tunasema kwa chinichini tu, maana mama yetu hapendi kusikia mambo hayo, na wa kuitika hayupo tena."

Nilisikia mkono wa Mama unanishika, umebana hasa.

"Ni kweli anayosema?"

"Sijui, Mama. Na mimi ndiyo nasikia leo."

"Hawakuniambia!"

"Mama, nani angethubutu kukwambia?"

Akaangalia jukwaani. Mdogo wangu alikuwa amesimama na tuzo yake ya kioo, na yeye analia kama siku ile uani. Mama akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, halafu akapiga makofi, peke yake, wakati ukumbi mzima ulikuwa umeshanyamaza. Hakujali.

Tulirudi alasiri. Mama hakuvua baibui. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akatoa ile kata, akaipangusa, akamshika mdogo wangu mkono akaenda naye uani, mimi nyuma yao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona bomba. Akaligusa, akalifungua na kulifunga, akauliza tenki linasafishwa na nani wiki hii. Halafu akaitundika kata kwenye msumari wake wa zamani, ambao hakuna aliyewahi kuung'oa. Akavuta kigoda akakaa, mdogo wangu chini kwenye mkeka pembeni yake, tuzo iko sakafuni kama kikombe cha kawaida.

Mbeba mizigo mmoja akaingia kutoka uchochoroni, shati limelowa jasho. Alipotuona akatoa shikamoo, akakinga maji, akainamisha kichwa akanong'ona kitu ndani ya kata.

"Sema kwa sauti, baba," Mama akamwambia. "Mwenyewe yuko mbali."

Yule bwana akatutazama, hakuelewa, lakini akatii. "Mungu amlipe mwenye kisima!"

Na Mama, kwa sauti iliyofika mpaka dukani, akaitika, "Na wewe!"