Dishi la Msaragambo, Shume

Enzi zetu kule Shume, televisheni ilipatikana kwa msaragambo, wazazi wakiitana kujitolea kama walivyochimba barabara. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amepewa dishi kuukuu, pana kuliko mlango wa kanisa, akaapa litatuonyesha chaneli ya shirika la anga, watu wakielea huko juu tukiwaona.

Nilikuwa darasa la sita. Nyumbani ilishasemwa kwamba nikimaliza la saba nabaki kwenye kabichi, maana baba hakuona hesabu ingemfikisha wapi mtoto wa kike. Lakini msaragambo haukwepeki, naye akaja na jembe begani.

Wakachimba, wakasimika nguzo, kisha wakalilaza dishi chali, kama sufuria la kukinga mvua. Anga si iko juu? Mchana mvua ikanyesha, dishi likajaa, mama zetu wakachota maji ya kuchemshia makande. Kwenye kioo, chenga tupu. Watu walicheka mpaka mbavu zikauma, ila mimi nilikuwa karibu kulia.

Mwalimu akakokotoa upya, akasema lielekezwe upande wa shamba letu. Huko ilisimama misonobari mitatu ya baba, iliyokinga kabichi dhidi ya upepo, na sasa ililiziba dishi. Wote wakamtazama. Baba akakuna kichwa.

"Jasho langu limeshaingia hapa," akasema. "Siondoki bila kukiona hicho kitu."

Akaikata mwenyewe.

Jioni picha ikatokea: mwanamke anaelea, nywele zimesimama wima, anakimbiza tone la maji kwa mdomo. Baba akasogea mpaka mbele.

"Mwalimu, huyu mama kafikaje huko?"

"Kwa hesabu, mzee."

Baba akanigeukia. "Kuanzia kesho kabichi napalilia mwenyewe. Wewe baki na mwalimu, akufundishe."

Watoto wa siku hizi wana anga nzima kiganjani, na bado wananiambia hakuna cha kuangalia. Siwalaumu, hawakuchimba shimo. Naamini yupo mmoja wao anayetazama kimya kimya, na huyo ananitosha.

Mimi sasa natabiri hali ya hewa Dar es Salaam, nashinda na picha za setilaiti. Juzi baba, ambaye amezeeka sana, alinipigia simu kuuliza kama yule mama ameshashuka.

"Ameshuka salama, baba. Zamani."

"Haya. Basi na wewe panda huku Krismasi, tukuone."