Maziwa ya Kisesa

Kitu cha kwanza nilichonunua Mwanza kilikuwa maji. Nilisimama mlangoni mwa chumba tulichopanga Pasiansi, ziwa lote liko mbele yangu linameremeta mpaka linaumiza macho, na mwanamume mwenye mkokoteni ananidai hela ya madumu mawili. Nilimuuliza maji ameyatoa wapi. Akanyoosha kidole ziwani bila aibu yoyote. Nikamwambia basi nitayafuata mwenyewe, na kweli nikayafuata, mpaka jirani mmoja aliponionyesha mtaro uliokuwa ukimwaga uchafu pale pale nilipokuwa nateka. Nikarudi kwa mtu wa mkokoteni. Alinipokea kwa tabasamu, mshenzi yule.

Kwetu, upande wa Meatu, maji yalikuwa shida kubwa kuliko hiyo. Kiangazi tulichimba mchanga wa mto hadi mabega yazame ndani ya shimo, tukasubiri yachuruzike, tukachota kwa kata. Lakini hakuna aliyekuuzia. Ulichota, ukampisha mwenzio, mkasengenyana kidogo, ukajitwisha ndoo ukaenda zako.

Tulihama kwa sababu ya pamba. Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la ushirika. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu ruksa, na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao. Ghala likafungwa, yeye na wenzake wakapunguzwa. Kupunguzwa ndilo lilikuwa neno la siku zile. Lilimfika mtu kama ugonjwa, na watu wakaja kukupa pole. Ndugu yake mmoja akamwambia Mwanza kuna viwanda vya samaki vinachukua watu. Akaenda, akapata kazi ya kubeba makreti kwenye kiwanda kimoja cha minofu, akatuma ujumbe niwalete watoto wawili nije.

Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko wowote aliowahi kuushika, na usiku wa kwanza tuliuzungumza kwa kicheko. Hatukujua tunacheka nini. Kijijini mshahara ulikuwa wa sabuni, chumvi, mafuta ya taa, na kanga mara moja kwa mwaka. Mengine yote yalitoka shambani na zizini, na hatukuwahi kuyaita mali. Mjini mshahara ule ule ulitakiwa ununue mboga, mkaa, unga, hata vijiti vya kuwashia moto. Nilikuwa nikienda Mkuyuni sokoni kwa miguu, maana kule vitu vilishuka bei kidogo, nikikuta fungu la michembe, viazi vyetu vile vya kukausha ambavyo kwetu tuliwapa wageni wabebe bila hata kufikiri, nalipita huku nimegeuza uso.

Nilidhani angalau samaki tutakula mpaka tuchoke. Mume wangu alikuwa akirudi jioni ananuka sangara hadi kwenye nywele, lakini mnofu wenyewe hatukuuona. Minofu ilikwenda uwanja wa ndege, na ndege zilipita juu ya bati letu watoto wakizipungia mkono. Sisi tulinunua mapanki, yaani kichwa na uti wa mgongo, vikiwa vimekaangwa kwa mafuta yaliyokaangiwa vingine jana na juzi. Mume wangu alikuwa anafyonza mfupa mpaka unakuwa mweupe.

Sitaki kudanganya, raha zilikuwepo. Taa ya umeme, hata ilipokuwa inakatika. Shati la mtumba zuri kuliko lolote lililowahi kuuzwa dukani kwetu. Shule ilikuwa karibu, zahanati karibu. Mwanangu mkubwa alijifunza kuendesha baiskeli ya kukodi na Kiswahili chake kikawa cha haraka haraka kama cha watu wa mjini. Ila nilichoshwa na milango. Watu walikula wamefunga milango. Mama mwenye nyumba alinikataza kutwanga, eti kinu kitapasua sakafu yake, na kinu changu kilichobebwa juu ya lori kutoka Meatu kikageuka kiti cha wageni, na wageni wenyewe hawakuja.

Sasa niseme habari ya ng'ombe.

Tulipohama tuliuza wote isipokuwa mmoja, jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni, pembe yake ya kushoto imeinama mpaka karibu na jicho. Maziwa ya ng'ombe yule niliyatikisa mwenyewe kwenye kibuyu miaka mitatu, nikatoa samli ya kulea watoto wangu wote wawili. Mume wangu alisema huyu ndiye mbegu ya kurudi kwetu. Mambo yakiharibika, tutakuwa na pa kuanzia. Mjini hakukuwa na pa kumweka, kwa hiyo akamswaga pamoja na wachuuzi wa mifugo hadi Kisesa, akamwachia rafiki yake. Walikuwa kundi moja la ngoma ujanani, wakatembea vijiji vingi pamoja wakishindana, kisha huyo rafiki akaoa Kisesa na kuhamia huko.

Sisi Wasukuma tuna desturi hiyo ya kumwachia mtu ng'ombe. Hakuna malipo na hakuna shahidi. Ng'ombe ni wako na ndama ni wako, na siku moja utamtolea mwenzio ndama mmoja wa shukrani. Maziwa ni yake. Anachunga, anakesha ng'ombe akiumwa, watoto wake wanakunywa. Wewe maziwa huulizi. Kuyauliza ni kumwambia mwenzio kwamba umeanza kumhesabia, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo kati ya wanaume wa kwetu. Ukienda kumtembelea, yeye mwenyewe atakuletea uliyowekewa, nawe utakunywa, na hapo urafiki unazidi.

Mwaka wetu wa pili mjini, binti yangu mdogo alipata surua. Alikuwa ametimiza miaka miwili. Surua iliondoka, lakini yeye hakurudi. Nywele zikawa nyepesi zenye rangi ya katani, miguu ikavimba, akawa mtoto wa kukaa pale pale ulipomweka. Alikuwa mchokozi, mwizi wa sukari, sasa akawa anakutazama tu. Muuguzi wa zahanati alimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo, akaniambia dawa ya huyu ni chakula. Mayai, maharage, na maziwa hasa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, kila siku bila kukosa.

Nilitoka pale nimekasirika kama mtu aliyeibiwa. Maziwa! Mimi niliyewahi kuwamwagia mbwa maziwa yaliyochacha, naambiwa maziwa kama vile naambiwa dhahabu. Kikombe kimoja kilikuwa bei ya unga wetu wa siku nzima. Tulianza kula mara moja kwa siku, na mume wangu akaacha tumbaku, tukapata kikombe kimoja cha asubuhi. Cha jioni hatukukifikia.

Maziwa yaliletwa na mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, anapita na baiskeli yenye madumu mawili kila upande, anapiga kengele. Hakuwa mtu mbaya. Aliniongezea kidogo baada ya kupima, na mtoto alipoanza kunyanyua kichwa akisikia kengele, yeye ndiye aliyenionyesha. "Mama, huyu atapona huyu," alisema. "Anaijua baiskeli yangu." Nami nilikuwa naona. Uvimbe ulianza kushuka. Siku moja alitambaa kutoka mkekani hadi kwenye kinu, akakishika, akasimama kidogo.

Asubuhi moja yule muuza maziwa alinipimia pungufu. Nikamuuliza vipi tena.

"Nisamehe, mama. Kuna ng'ombe mmoja amepungua kule ninakochukua. Na ndiye tunayemtegemea."

"Kule wapi?"

"Kisesa. Kwa mzee mmoja karibu na mashine ya kusaga, mcheza ngoma wa zamani. Ng'ombe mwenyewe mwekundu, ana pembe imeangukia jichoni. Ndama wake alikufa, walikuwa hawamwachii maziwa ya kutosha."

Nilimlipa, nikaingia ndani, nikakaa juu ya kinu changu na kikombe mkononi. Kisha nikamnywesha mtoto, maana hasira haishibishi, na nilikunywa mwenyewe tone lililobaki chini. Nikayatambua. Sijui kama mtu anaweza kuyatambua maziwa, lakini nasema niliyatambua.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Alivua viatu vya mpira, akavipanga, akavipanga tena.

"Maziwa ni ya anayechunga," alisema.

"Na mtoto ni wa nani?"

"Mama watoto, usiseme hivyo."

"Nitasema hivyo hivyo. Tunanunua maziwa ya ng'ombe wetu. Ndama wetu amekufa ili tuuziwe. Nenda ukamchukue."

"Nimlete wapi? Humu? Hata kutwanga tumekatazwa."

"Basi muuze."

Hapo alinitazama kama vile nimemwambia auze kaburi la baba yake. Lakini nilikuwa mke wa kusema, na nilisema wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka akakubali kwenda. Si kumchukua ng'ombe. Kuomba tu vikombe viwili kwa siku, muuza maziwa atuletee. Jumamosi alipotoka kazini nilimpa dumu safi nililolisugua kwa majani, nikamwambia usirudi nalo tupu.

Jumapili nilikaa mlangoni na mtoto mapajani. Kengele ikasikika, akanyanyua kichwa. Mtu wa kofia ya sufu alisimamisha baiskeli, akashika mpini kwa mikono yote miwili.

"Leo hamna, mama. Yaliyokuwepo ni machache, yameishia njiani. Kule Kisesa mzee amenirudisha. Kasema mwenye ng'ombe kaja, maziwa ya leo ni ya mgeni."

Mume wangu alifika mchana. Dumu lilikuwa tupu, na mkono mwingine ameshika kifurushi cha viazi alichopewa. Nilimtazama mdomo.

"Umekunywa?" nikamuuliza.

"Nimekunywa."

Alinieleza huku ameinamisha kichwa. Rafiki yake alimpokea kwa vigelegele, watoto wakapiga magoti wakamsalimia, wakaimba hadi usiku nyimbo zao za ngoma. Asubuhi akaletewa kibuyu kizima, na wale watoto wamesimama mlangoni wanamwangalia, na akaona midomo yao imekauka, akaelewa kwamba na wao hawanywi. Yote yanauzwa. Ada za shule zilikuwa zimerudi, na yule mzee alikuwa na watano wa kusomesha. Akanywa, kwa sababu kukataa kungekuwa ugomvi.

"Ulimwambia mtoto anaumwa?"

"Ningemwambia mtoto anataka maziwa, ningekuwa nimemwomba maziwa."

Nilimchukia siku ile. Naliandika kama lilivyo. Nilimchukia yeye, na yule rafiki yake, na kibuyu, na heshima yao yote waliyoibeba kutoka mahali ambapo maziwa hayakuwa na bei wakaileta mahali ambapo yana bei. Siku moja ya kukosa maziwa haiui mtoto. Hilo nalijua na nimejiambia mara nyingi. Lakini ng'ombe aliendelea kupungua, na muuza maziwa akaanza kupita siku moja ndiyo, mbili hapana, na alipopita alikuwa ameyaongezea maji hadi yakaacha rangi ya bluu kwenye kikombe. Mtoto akaacha kunyanyua kichwa. Mvua za vuli zilipoanza akapata kuhara, na kwa kuhara kule hakukaa.

Msiba wa mjini nao ni wa kununua. Mkaa, sukari, turubai, gari la kubebea, hata wachimba kaburi, ambao kwetu wangekuja wenyewe na majembe yao hadi wengine warudishwe kwa kuzidi. Majirani wa milango iliyofungwa walifungua milango, nawashukuru. Mama mwenye nyumba alikaa nami mkekani siku zote na akaruhusu tutwange.

Siku ya mazishi rafiki wa mume wangu alikuja kutoka Kisesa. Alikuja na yule mtu wa kofia ya sufu, na baiskeli imebeba madumu yote manne yamejaa. Alikuwa amekamua kwake, akazunguka kwa majirani zake kuomba, akaleta maziwa ya chai ya waombolezaji. Mume wangu aliingiza mkono mfukoni, rafiki akaushika mkono ule akaurudisha. Kwenye msiba hakuna bei, alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka ya kweli.

Kisha akaja kwangu, akachutama mbele ya mkeka.

"Pole sana, shemeji. Mtoto alikuwa na nini?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika dumu, ananitazama pia. Mimi, mke wa kusema.

"Surua," nikajibu.

Walipika chai sufuria kubwa, ya maziwa matupu, nzito, kama ya kwetu. Watu walikunywa mpaka jioni, na mengine yakabaki.