Wenye Sifa za Kutoa Damu

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nesi aliponisomea karatasi yake nilimwomba arudie taratibu. Akarudia. Anayetoa damu awe na miaka kumi na nane mpaka sitini na tano. Awe na kilo hamsini au zaidi. Asiwe na homa, asiwe mjamzito, asiwe ananyonyesha. Awe amelala vizuri, amekula, amekunywa maji mengi, na pombe asiiguse tangu jana yake. Nikajisemea moyoni, kwenye ukoo wa mume wangu wenye kilo hamsini wamejaa tele. Hilo la pombe nikaliruka kwanza.

Nilikuwa nimelazwa Musoma. Uvimbe kwenye kizazi ulikuwa umenimwagisha damu wiki tatu, nimebaki mweupe kama tumbo la sato. Daktari alisema hanipasui mpaka damu ipatikane, na friji lao halikuwa na kundi langu.

"Ndugu zako waje leo, mama," aliniambia. "Kesho ni mbali."

Majina siandiki. Ila waliotaka kuniua wanajijua, na nitawataja kwa vyeo vyao.

Wa kwanza ni mume wangu. Nilimpigia simu nyumbani kwetu Guta, nikaweka spika kwa sababu mkono haukuwa na nguvu ya kushika simu sikioni. Nesi akasikia yote.

"Sasa nikikupa damu yangu si tutakuwa ndugu?" alisema. "Nitarudije kwako kama mume?"

"Rudi kama unavyotaka, ila njoo."

"Hilo jambo zito, mama watoto. Linataka kikao."

Kikao! Kwetu kuku akipotea kinakaa kikao. Mtoto akichelewa kuota jino, kikao. Nilikuwaga nawapikia hao wanakikao, nawajua: ajenda ya kwanza ni nyama, na nyama ikiisha na ajenda zimeisha.

Wa pili ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, msemaji wa ukoo. Alisimama kwenye hicho kikao akatoa hukumu kwamba mwanamke anakuja na damu yake kutoka kwao. Ng'ombe walizotoa zilikuwa za kazi na watoto. Damu ikipungua, wenye mali ni watu wa Butiama nilikozaliwa, waje waongeze wenyewe. Yaani umuuzie mtu redio, miaka ishirini na tano baadaye akudai betri.

Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniuma zaidi, ni kaka yangu wa tumbo moja, yuko huko huko Butiama.

"Wamesema hivyo?" akauliza kwenye simu. "Dada, ng'ombe zao tulishakula. Tena zilikuwa zimekonda. Wewe ni wa kwao sasa, na damu yako ya kwao."

Basi damu yangu ikawa haina mwenyewe. Guta wanaisukumia Butiama, Butiama wanairudisha Guta, na mimi katikati naimwaga kwenye shuka la hospitali.

Nesi alikuwa mdogo, umri wa binti yangu. Akaja kunibadilishia shuka, akaniuliza, "Mama, hawa wanaume wa kwenu si ndio wanatahiriwaga hadharani bila kulia?"

"Ndio hao hao."

"Sasa sindano inawashindaje?"

"Sindano haina watu wa kushangilia."

Siku ya pili wakakubaliana pande zote mbili ziende. Nesi akamsomea shemeji ile karatasi kwa simu, neno kwa neno. Shemeji alisikiliza, akashukuru, kisha akawaambia wenzake kwamba mtu anayekwenda kumwaga damu anaandaliwa kama anayekwenda kutahiriwa, wao wamezaliwa wamekuta hivyo. Achinjiwe. Apewe moyo. Mbuzi ikachinjwa. Walipofika Bunda kusubiri gari, wakaona moyo bado hautoshi, wakaongezea kwa chupa.

Walinifikia saa nane mchana, wanaume sita na makoti yao kwenye jua lile. Kaka yangu, aliyeungana nao njiani, alikuwa na fimbo.

Nesi alianza kwa kufungua dirisha.

"Nani kanywa?"

"Kidogo tu, binti. Ya kutuliza."

Wanne wakatoka hapo hapo. Mume wangu alikuwa mmojawao, na nilimwona akishusha pumzi kama aliyeokoka ajali. Shemeji hakunywa, hilo namtetea. Ni dawa za presha zinamkataza. Nesi alipompima presha akashtuka. Akamwambia akae, apumue, asiongee kwa dakika kumi, atampima tena. Kutoongea ndiko kulikomshinda. Akabaki kaka yangu. Akapanda mzani na koti lake, ukasoma arobaini na saba.

"Nipime na fimbo," akasema.

"Shuka, baba."

Shemeji akaanza kuniaga. Ukoo umejitahidi, sasa tumwachie Mungu. Nilikuwa naona midomo yao inacheza lakini masikio yalishaanza kuvuma. Nikajua nakufa, na msibani watu hawa hawa watakula tena.

Mlangoni alikuwa amesimama mke mwenzangu na chupa ya uji. Alikuja nao gari moja, siti ya nyuma. Mimi na yeye tulikuwa mwaka wa tatu hatusemezani, kisa chandarua cha kuanikia dagaa.

"Nesi," akasema, "mimi je?"

"Wewe!" Shemeji akageuka. "Mwanamke unapoteza ya kwako kila mwezi, utatoa ipi?"

"Shemeji, hiyo ya kila mwezi namwaga bure. Hii ina mtu wake."

Kilo sabini na moja. Asubuhi alikula ugali na samaki, maji alikunywa njia nzima, pombe haijui, mtoto wake wa mwisho yuko darasa la tatu. Presha nzuri. Wakamtoboa kidole, damu ya kutosha. Akaingia ndani, akarudi na pamba mkononi na soda. Hakuniangalia, akanimiminia uji.

Ilipimwa, ikalingana na yangu. Mfuko wa pili alitoa muuza dagaa mwenzangu wa soko la Mwigobero, hapo hapo Musoma, alikuja kesho yake magamba ya samaki bado yako mikononi. Nikapasuliwa. Nipo.

Ningeweza kuyaacha hapo. Lakini nilipopona, mume wangu akaja nyumbani kwangu akitabasamu. Nikamwambia, "Baba watoto, kwa sheria yako aliyenipa damu ni ndugu yangu. Mwanaume anaweka dada wawili boma moja? Kwenu hilo si mwiko?"

Tabasamu likamwisha. Akakimbilia kwa kaka yake, na kikao kikakaa, na mimi nikawapikia. Shemeji akatoa hukumu kwamba damu ikishapita kwenye mfuko wa hospitali ikalala kwenye friji, undugu wote unaisha.

Nikaweka sufuria chini.

"Kwa hiyo hata ya mume wangu undugu ungeishia kwenye friji. Mlikuwa mnaniacha nife kwa lipi?"

Wakaangalia nyama. Mmoja akauliza kama kuna chumvi.

Sasa kila miezi minne mke mwenzangu anakwenda kutoa, sio kwa ajili yangu tena, kwa yeyote. Mimi nesi ameniambia nisahau, damu yangu bado nyepesi. Kazi yangu ni maandalizi. Namkaangia sato, namwekea jagi la maji, nasimama hapo mpaka limalizike, ananitukana, anakunywa. Halafu tunapanda gari wawili. Juzi mume wangu alitukuta njiani, akauliza tunakwenda wapi tumependeza hivyo.

"Kutoa damu," mke mwenzangu akamwambia. "Panda twende."

Akatuangalia, akaangalia gari. Akasema ana kikao.