Dolphine Aisikiliza Friza Kwenye Simu

Saa tatu asubuhi, mjini Migori. Foleni ya kibanda cha simu karibu na posta imefika barabarani, na aliye ndani haonyeshi dalili ya kutoka. Ni Dolphine Awuor, muuza samaki, aproni ingali na magamba, sarafu zimejaa kiganjani.

"Baba Liz, usiniambie tu kwamba ni nzima," anasema kwa sauti ya kushinda kelele za soko. "Iwashe. Niwekee simu karibu niisikie mwenyewe."

Upande wa pili, katika duka moja mjini Homa Bay, mumewe Joash Odoyo amesimama kando ya friza iliyokwishatumika. Mwenye duka anahama, na friza anaiuza shilingi elfu kumi na nne. Mteja mwingine yuko njiani kutoka Kendu Bay. Mwenye duka anataka neno la uhakika sasa hivi.

Dolphine anaziba sikio moja kwa kidole na kufumba macho.

Wawili hawa wameoana tangu 1988, lakini kazi imewatenganisha. Joash hununua samaki kwa wavuvi Mbita, Dolphine huwauza Migori. Zamani, Joash alikuwa akipakia mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwenye gari bila kujua soko likoje. Mwaka wa 1994, mzigo mzima uliwaozea kwa sababu soko lilikuwa limefurika samaki siku hiyo.

"Tuligombana vibaya," asema Dolphine. "Nilimwambia yeye hanunui samaki, ananunua hasara. Akaniambia mimi sijui kuuza. Na kila mtu alikuwa anaficha pesa zake."

Joash ndiye aliyekuja na wazo la simu. Tangu hapo, kila asubuhi Dolphine hupiga kwenye hoteli ya Mochama kule Mbita, mahali Joash anapokunywa chai. Humwambia soko linataka nini, naye hununua kiasi hicho tu.

Hasara ilipopungua, wakafungua akiba ya pamoja posta. Kila mmoja huweka shilingi hamsini siku ya kazi. Sharti lao ni moja: hakuna senti inayotoka kabla hawajazungumza.

"Ndugu yangu alikuja kukopa," Joash asema akicheka. "Nikamwambia, ngoja kwanza nimpigie Nyar Kadem." Hilo ndilo jina analomwita mkewe, yaani binti wa Kadem. "Hakungoja."

Kibandani, Dolphine anafumbua macho ghafla. "Nyamazeni! Inanguruma!" anawaambia watu wa foleni, kana kwamba nao wanaisikia.

Simu inaanza kulia tii, tii. Sarafu zimeisha.

"Mama, na sisi tuna watu wa kupigia!" analalamika mmoja. Lakini Ombui, fundi cherehani anayemfuata kwenye foleni, amekwisha kuvutwa na mambo haya. Ananyoosha mkono na kutumbukiza sarafu yake mwenyewe.

"Mwambie achukue," anasema.

"Chukua, Baba Liz!" Dolphine anapaza sauti. "Natoa pesa sasa hivi, naja nazo mwenyewe. Mwambie mwenye duka asimuuzie mtu!"

Anatoka mbio, foleni ikimpigia makofi. Ombui anacheka hadi anasahau kuingia kibandani.

Kufikia alasiri, friza imelipiwa na kufungwa kwa kamba juu ya pikapu, na Dolphine ameketi mbele kati ya dereva na mumewe, akigeuka kuitazama kila gari linaporuka shimo.

Wamekwisha kupata chumba chenye umeme karibu na soko. Kwa kuwa samaki sasa wataweza kukaa siku kadhaa bila kuoza, mpango ni Joash aache kukaa Mbita, awe akienda kununua samaki na kurudi nyumbani.

"Binti yetu Liz yuko darasa la pili," asema Dolphine. "Hajawahi kumwona baba yake akinywa chai nyumbani siku ya Jumatatu. Wiki ijayo atamwona."