Maneno ya Mama Mahakamani

Ujumbe wake ulinifikia saa nane mchana, katikati ya masika, nikiwa nimejilaza kitandani na madaftari ya wanafunzi kifuani. Huku Naviundu, kandokando ya Lubumbashi, mvua ya saa ile hukuchukua taratibu: unasikia bati, unasikia mto nyuma ya nyumba, kisha husikii tena kitu. Nilisoma ujumbe nusu usingizini, nikadhani naota. Namba sikuijua. Uliandikwa hivi:

"Yaya, ni miye, wa lupangu ya pembeni, kule Bel-Air. Banasema tribunali imetia mafaili ya zamani ku internet. Unitafutie ile ya papa. Sitaki kuifungula peke yangu."

Chini yake aliweka picha ya wito wa mahakama, karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi namba ya kesi ikafutika nusu. Nilikaa nikiitazama mpaka kioo cha simu kikazima. Sauti ya mtoto yule, aliyeniita yaya kama dada yake mkubwa, sikuwa nimeisikia tangu tukiwa na umri wa miaka kumi.

Lupangu, yaani ua wa nyumba yao, ulipakana na wetu katika mtaa wa Bel-Air. Kati yetu palikuwa na michongoma tu, na katika michongoma palikuwa na tundu ambalo sisi wawili tulilipanua kwa miili yetu. Baba yangu alifanya kazi kwenye reli, kama babu yangu aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga enzi za wazungu. Mama aliuza samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani. Baba yake rafiki yangu alikuwa fundi umeme kiwandani. Asili yake Kasai, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Lubumbashi, akabatizwa Lubumbashi, na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Nakumbuka kicheko chake kikipita juu ya michongoma jioni, na harufu ya samaki wa mama ikipita kwenda kwao, na hakuna aliyelalamika.

Kisha mambo yakaanza kuporomoka. Sikumbuki yalianzia wapi. Mtoto hukumbuka vipande. Kiwanda kiliacha kulipa wafanyakazi. Askari walipora maduka ya mjini, na siku mbili tatu watu walipita barabarani na friji vichwani, wakitembea polepole kama wako kwenye maandamano ya kanisa. Shule ilifungwa. Halafu majirani wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, wakaanza kuitwa wageni. Familia nzima nzima zilihamia kwenye stesheni ya treni na magodoro yao, zikakaa pale wiki kwa wiki zikingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Asubuhi waliyoondoka ilikuwa na ukungu. Baba yake rafiki yangu alipita kwenye tundu letu la michongoma, mtu mzima mrefu vile, akainama kama sisi watoto. Alimpa mama ufunguo.

"Mama, lufungula njo hii," alisema. "Tutarudia kama bantu banatulia."

"Eyo, papa," mama alijibu. "Nitafagia mu nyumba kila siku ya posho."

Na kweli, kila Jumamosi alikwenda kufagia. Nilimfuata. Vyumba vilikuwa vitupu, na sauti ya ufagio ilirudi kutoka kwenye kuta kana kwamba kuna mtu mwingine anafagia chumba cha pili. Mama alifungua madirisha, akayaacha saa moja, akayafunga.

Haikupita miezi mitatu, bwana mmoja wa ofisi ya serikali akaja na vijana wake, akavunja kufuli, akaingia na familia yake. Alipaka geti rangi ya kijani. Mama aliendelea kumwamkia kama tulivyomwamkia kila mtu.

Baada ya miaka miwili hivi baba yake rafiki yangu alirudi peke yake. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. Alilala parokiani na akafungua kesi kudai nyumba yake. Alimtaja mama kuwa shahidi, kwa sababu ni yeye aliyeachiwa ufunguo. Nakumbuka jioni moja baba yangu amekaa mezani, bukari, ugali wetu, imepoa mbele yake, akimwambia mama kwa sauti ya chini:

"We mama, sema haujue. Bantu bale balirudia kwabo. Siye tunabakia na huyu bwana pa mulango. Tuko na batoto."

Mama aliinuka. Aliondoa sahani.

Siku ya mahakama mama alikwenda na akarudi. Kesho yake baba yake rafiki yangu alipita mbele ya geti letu akielekea stesheni, na hakugeuza kichwa. Nilikuwa nimesimama pale nje, nikangoja aniite kwa jina la utani alilonipa. Alipita. Wiki hiyo hiyo, kwenye bomba la maji, nikawasikia wanawake wakisema mama amemkana jirani yake mbele ya hakimu. Sikumuuliza mama. Wala yeye hakunieleza, hadi alipofariki, na miaka yote hiyo nilimpenda huku nikiyakumbuka maneno ya pale bombani.

Kwa hiyo niliposoma ujumbe ule, nilijua ninachoombwa kukitafuta. Yeye alitaka kusoma maneno ya baba yake. Mimi nilijua kwamba chini ya maneno ya baba yake pangekuwa na ya mama yangu.

Nilimjibu: "Nitatafuta, ndugu yangu."

Tovuti ilitaka nijiandikishe: jina, picha ya kitambulisho, sababu ya kuomba. Kwenye sababu niliandika "familia", nikafuta, nikaandika "jirani", nikafuta, mwisho nikarudisha "familia". Kibali kilichukua siku nne. Siku hizo nilitembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Nilikuwa ubaoni nikiwafundisha watoto kugawanya, nikaona geti la kijani likifunguka kati ya tarakimu. Mtoto mmoja wa mbele akaniambia, "Mwalimu, umeandika saba mara mbili." Nikafuta.

Msimbo wa kuingilia ulipokuja, nilikaa karibu na dirisha ambako mtandao hushika vizuri. Palikuwa na kisanduku cha namba ya kesi, cha mwaka na cha majina. Namba niliyokuwa nayo ilikuwa nusu. Nikaweka jina la baba yake. Jibu: hakuna kilichopatikana. Nikabadilisha mwaka. Hakuna. Umeme ukakatika, simu ikabaki na chaji kidogo, nikaiweka chini.

Niseme ukweli: nilifurahi. Nilimwandikia ujumbe, "Haikupatikana, pole," na sikuutuma. Ulikaa kwenye simu yangu siku tatu, umeandikwa tayari, na kila nilipoifungua simu ulikuwa unaningoja.

Jumamosi asubuhi, nikiwa nachambua mchele, nikakumbuka jinsi makarani wa zamani walivyoandika majina. Waliandika walivyosikia. Jina la baba yake linaanza na ile sauti ya Kasai ambayo mmoja huiandika kwa herufi nne na mwingine kwa mbili. Nikanawa mikono, nikaandika kwa herufi mbili.

Faili likatokea. Picha sita.

Ukurasa wa kwanza wa tovuti ulikuwa umeeleza kwamba karatasi nyingi zilipotea nyakati za uporaji, nyingine zikaokolewa sokoni zikifungiwa karanga. Niliamini, kwa sababu picha ya kwanza ilikuwa na duara la mafuta katikati. Zilipigwa zikiwa zimelala ubavu. Ilibidi niinamishe kichwa. Mwandiko wa karani ulikuwa mzuri, Kifaransa cha shule ya mapadri, wino wa bluu uliochujuka mpaka kuwa kama maji ya kufulia.

Maneno ya baba yake yalijaza picha mbili. Alieleza alivyoijenga nyumba, chumba kimoja baada ya kingine, na ni mtoto gani aliyezaliwa katika chumba kipi. Picha ya tatu ilikuwa ya maneno ya mama. Mistari minne tu. Shahidi anasema hajui nyumba ni ya nani. Akiulizwa kuhusu ufunguo, shahidi anasema hakupewa ufunguo wowote. Chini, sahihi yake, ile ile aliyoweka kwenye ripoti zangu za shule.

Niliizima simu. Nilirudi kwenye mchele, nikauchambua wote, na sijui kama nilitoa hata jiwe moja.

Jumapili baada ya misa niliifungua tena, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na kwa sababu palikuwa na picha tatu ambazo sikuziangalia. Ya nne ilikuwa karatasi tupu yenye muhuri. Ya tano ilikuwa na mwandiko ule ule, tarehe ya wiki tatu baadaye. Niliisoma mara ya kwanza bila kuielewa, kama mtu anayesoma ndotoni na herufi zinamkimbia. Shahidi anajitokeza mwenyewe bila kuitwa. Anaomba kusahihisha maneno yake. Anasema alisema uongo kwa hofu. Anasema nyumba ni ya mlalamikaji, na ufunguo anao, na anauweka juu ya meza ya mahakama. Akiulizwa kama kuna mtu amemtuma, anasema hapana. Mlalamikaji hayupo.

Picha ya sita ilikuwa mistari miwili: mlalamikaji ameitwa mara tatu, hakufika, kesi inafutwa kwenye orodha.

Alikuwa ameshapanda treni. Wakati mama anauweka ufunguo mezani, yeye alikuwa Kasai na hakujua.

Ndipo siku hiyo ikanirudia. Ilikuwa siku ya kazi, na mama alivaa kikwembe chake cha Jumapili, kile cha njano. Nilidhani kuna mazishi. Alirudi adhuhuri, hakwenda sokoni, akajilaza kwenye mkeka sebuleni na kiatu kimoja mguuni, akalala mpaka jua likazama. Baba alikuja, akamwangalia, akakaa kwenye kiti karibu naye bila kuvua kofia. Nilipotaka kumwamsha, baba alisema, "Umuache. Anachoka." Baada ya hapo kwa miezi kadhaa yule bwana wa geti la kijani hakuitikia salamu zetu, na wanawake wengine waliokuwa wakinunua samaki kwa mama walikwenda kwa muuzaji mwingine. Mambo hayo nilikuwa nayakumbuka yote. Sikuwahi kuyaunganisha.

Nilimpigia rafiki yangu alasiri hiyo. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mzima, nzito kidogo, na nyuma yake kuku walikuwa wakilia. Nilimweleza kwanza kwamba nimelifungua faili bila yeye, na nikamwomba msamaha.

"Haina neno," alisema. "Soma."

Nikasoma maneno ya baba yake. Nilipofika kwenye chumba alichozaliwa yeye, alinisimamisha, kisha akasema niendelee. Nikasoma mistari minne ya mama. Sikupunguza kitu.

"Ile tulijua," alisema taratibu. "Papa alitwambia."

"Kuko ingine," nikamwambia.

Nikaanza kusoma ya tano kwa Kifaransa. Akanikatiza.

"Apana, yaya. Mama yako hakusema ile Kifaransa. Unisomee vile yeye alisema."

Ilinibidi niinue macho. Nje mvua ilikuwa imesimama na mto ulisikika. Nilitafuta sauti ya mama, namna alivyokuwa akianza sentensi kwa kuvuta pumzi, na nikasema polepole, hata uongo na woga kwa matamshi yake:

"Miye nilikuya miye moya. Hakuna muntu alinituma. Siku ile nilisema bongo juu ya boga. Nyumba iko ya ule papa. Lufungula alinipatia mu mukono, njo hii hapa."

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Rudilia," alisema.

Nikarudia. Mara ya pili maneno yalitoka tofauti kidogo, na nadhani yalikuwa karibu zaidi na yake.

"Papa alikufa bila kujua," alisema.

"Eyo."

"Na mama yako naye, hakujua kama papa hakujua."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Huenda mama alifikiri habari zingemfikia, kwamba mahakama ingemwandikia, kwamba siku moja ingekuja barua. Huenda ndiyo sababu hakutueleza: kwake yeye jambo lilikuwa limeshasemwa, mahali panapotakiwa, mbele ya watu wanaoandika.

Nyumba yenyewe haikurudi kwao, wala haitarudi. Yule bwana aliiuza, aliyenunua naye akaiuza, na leo ni ghala la mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu mpole anayeuza unga na mafuta kwa jumla, na malori yake hugeuzia pale michongoma ilipokuwa. Nilikwenda siku moja kupiga picha ya mahali pale nimtumie rafiki yangu. Mwenye ghala aliniuliza natafuta nini. Nilimwambia nilikua hapo jirani. Akaagiza niletewe kiti.

Faili nililituma lote, picha sita. Rafiki yangu alilichapisha na kumpelekea kaka yake mkubwa. Kaka alisoma, akasema karatasi yoyote inaweza kuandikwa na yeyote, na kwamba baba yao alikuwa mahakamani na aliyasikia maneno ya mama yule kwa masikio yake. Rafiki yangu hakubishana naye. "Anabakiaka hivi," aliniambia. "Tutamuacha."

Siku hizi ananipigia simu Jumapili, mimi nikitoka misa, yeye akipika. Ananiuliza juu ya shule, juu ya bei ya samaki wa Pweto, kama mto umefurika. Juzi aliniuliza kama bado naweza kupita kwenye tundu dogo vile. Nikamwambia magoti hayakubali tena.