Gitaa la Chupa

Kabla gitaa halijaanza, kiti kinalia. Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko zote: krii, kama mtu mzito anayejiweka sawa. Halafu pumzi. Halafu mguu unagonga sakafu kidogo, ndipo nyuzi zinaingia. Aliyeirekodi sahani ile ya santuri angeweza kukiondoa kile kiti, na hakukiondoa. Namshukuru.

Sahani yenyewe niliikuta kwa shangazi yangu, kijijini Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be. Alikuwa akifua mashuka ya hoteli ndogo ya ufukweni, na siku hoteli ilipotupa sahani za baa zisizochezeka, yeye akaokota hiyo moja. Watu wa baa walitaka kitu cha kutikisa viuno, na hii haitikisi hata bega. Ni Mmarekani mweusi mmoja na gitaa lake, anaimba kama anazungumza na ukuta. Wazungu wa hoteli waliuita muziki huo bluzi. Jina la mwimbaji silijui hadi leo, kwa sababu shangazi alikuwa akipepea jiko la mkaa kwa jalada la sahani, na upande wenye jina ukaungua. Ikabaki picha ya magoti na gitaa.

Nilifika kwake pamoja na baba baada ya zile vurugu za mji wa Mahajanga, Wakomori waliposakwa na kuuawa. Tulikuwa tukikaa mtaa wa Mangarivotra, wawili tu, maana mama alishafariki. Mimi nimezaliwa pale, na baba kazaliwa pale, lakini babu alitoka Komoro, na siku zile hilo lilitosha. Watu wenye mapanga waliingia nyumba kwa nyumba. Baba aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa. Kichwa kilipona. Mkononi kikabaki kidole gumba na kile kidogo cha mwisho.

Alikuwa kuli bandarini, na kwenye harusi alikuwa mpiga gitaa. Wenzetu walipokimbia walibeba masufuria na nguo. Mimi nilibeba gitaa. Shangazi alipotuona alimkumbatia kaka yake, akalia sana, kisha akanigeukia.

"Na wewe, akili zako! Hilo gitaa litapika wali?"

Miezi ile baba hakusema karibu chochote. Alikaa kwenye mkeka, mkono kauweka pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Gitaa liliegemezwa ukutani, naye aliligeuzia mgongo. Mimi nimesoma kidogo tu, lakini kutumaini sikufundishwa na mwalimu. Nilijiambia: baba atapiga tena. Nilikuwa nikichota maji huku nikiiwaza hiyo siku, na nguo atakayovaa.

Gramafoni ya shangazi ilikuwa ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani. Mchana mmoja nikaiweka ile sahani.

"Huyu mtu wako anaumwa jino?" shangazi akauliza.

"Shangazi, sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Apelekwe hospitali."

Lakini mimi nilinasa. Yule mtu hana haraka. Anapiga sauti moja, anaiacha itetemeke, izeeke, karibu ife, ndipo anaileta nyingine. Kuna mahali anaanza neno kwa mdomo, halafu ananyamaza na gitaa linalimalizia. Asiyefiwa atadhani ni uvivu. Nikawa naicheza kila siku, na siku moja nikasikia jambo lililonifanya niache mchele niliokuwa nikichagua. Baba alipokuwa akipiga, sauti ziliruka kutoka moja hadi nyingine, kila moja na kidole chake. Hizi hazikuruka. Ziliteleza. Hapakuwa na vidole vinavyokanyaga nyuzi. Palikuwa na kitu kinaburuzwa juu yake.

"Baba, huyu hatumii vidole."

Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema, "Rudisha."

Nikairudisha sindano.

"Chupa," akasema. "Au kipande cha bomba. Rudisha tena, mama." Mama ndivyo alivyozoea kuniita, na sikuwa nimelisikia neno hilo tangu Mahajanga.

Nikamtafutia kichupa cha dawa ya kikohozi, tupu. Akakibana kati ya gumba na kiganja, akalilaza gitaa mapajani. Sauti ya kwanza ilikuwa ya paka aliyekanyagwa mkia. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kaka wee, kuku wangu wataacha kutaga!"

Baba naye akacheka.

Alijifunza msimu mzima wa kiangazi, mchana mchana, sahani ikimwongoza. Nyimbo za haraka zilimkataa. Zile za polepole zikaanza kumkubali. Habari zikaenea, na mzee mmoja wa jamaa zetu Wakomori aliyekuwa akimwoza binti yake akaja kumwalika. "Fundi, tumesikia unapiga. Njoo utuchangamshe." Baba akanyoa ndevu, akavaa kanzu ya marehemu mume wa shangazi, ikampwaya mabegani. Mimi nilibeba gitaa na kutembea mbele kama ndimi bibi harusi.

Alipiga wimbo wetu wa kumtoa bibi harusi ndani, anaoujua kila mtoto. Lakini kwa chupa, wimbo ule ulisita, ukateleza, ukatetemeka. Wanawake waliokuwa wamenyanyuka kucheza wakabaki na mikono hewani. Mmoja akaketi, akajifunika uso kwa leso. Mumewe alibaki Mahajanga, hakuzikwa na mtu anayemjua. Kwangu mimi baba hakuwahi kupiga vizuri kama siku ile. Nyuma yangu mtu akanong'ona:

"Hii ni harusi au matanga?"

"Shh, atasikia."

Alisikia.

Kwetu mpiga gitaa hula mwisho, wageni wakishashiba. Wageni walikuwa hawajanawa hata mikono pale mama wa bibi harusi alipoleta sinia na kuliweka mbele ya baba, taratibu, kwa heshima zote. "Kula, fundi. Umechoka." Baba akalitazama lile sinia. Akatia chupa mfukoni, akala. Akala mpaka punje ya mwisho, akashukuru, akamwombea bibi harusi kheri. Vijana wakawasha kaseti, na uwanja ukachangamka.

Njiani shangazi aliutukana ukoo mzima kwa Kikomori, kisha akarudia kwa Kimalagasi.

"Waache," baba akasema. "Walikuja kucheza."

Kesho yake akaenda na shangazi hotelini kukunja mashuka, kwa mkono mmoja na kidevu. Gitaa likarudi ukutani. Sahani, akaniomba nisiicheze yeye akiwa ndani.

"Kwani mbaya, baba?"

"Nzuri mno, mama. Ndiyo taabu yake."

Gitaa ambalo halitapigwa hulegezwa nyuzi, la sivyo zinavuta shingo mpaka mti unapinda. Kila mpigaji anajua. Nilimngoja baba azilegeze, au apige. Mvua zikaanza, zikaisha, na hakufanya lolote kati ya hayo mawili, alilipita tu. Asubuhi moja, wao wako hotelini, nililaza gitaa kwenye mkeka nikaanza na uzi mnene. Nikazungusha ufunguo kidogo kidogo huku nikiugusa. Sauti ikashuka, ikashuka tena, mpaka ikawa si sauti, ni uzi tu. Nikaenda kwa wa pili.