Nilitaka Kuranda, Nikapewa Randa

Watu wakinikuta karakanani siku hizi wananiita fundi, tena kwa heshima. Wakome! Mimi nilitaka kuwa dereva wa malori, nirande nchi za watu mpaka nichoke mwenyewe. Leseni ninayo hadi leo, na picha yake ina nywele ambazo kichwa hiki kimeshazisahau.

Nilioa binti wa seremala, tukahamia chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake. Kwa muda tu, tulisema. Muda huo ukawa miaka sita. Baba mkwe akanifundisha msumeno, patasi na randa, nami nikajifunza shingo upande. Kila nikitaja malori alicheka. "Dereva," ndivyo alivyoniita, "hebu niletee msasa."

Basi rafiki yangu mmoja akanipatia kazi ya lori, na chumba cha kuishi mji mwingine. Safari Jumamosi asubuhi. Mke wangu alifurahi mpaka akalia, lakini akaweka sharti: "Siondoki hapa mpaka Baba atamke mwenyewe kwamba twende."

Mzee tulipomwambia hakubisha. Aliinama, akatoa chini ya meza randa yake ya ujanani. Loo! Chuma kimeliwa na kutu, mpini umepasuka, kisu chake butu hata siagi kisingekata.

"Ukiifufua, unabaki, karakana ni yako," akasema. "Ukishindwa, namwita shemeji yako aje kuishika karakana, na wewe nenda na malori yako. Ijumaa nataka kuisikia."

Nusura nimkumbatie. Kushindwa tu? Kuna kazi rahisi kuliko hiyo?

Jumatano niliitia kwenye mafuta ya taa, nionekane nashughulika. Kutu ikalegea. Upande mmoja ukang'aa, wa pili ukabaki na madoa, na yale madoa yakaninyima raha. Nisugue kidogo tu, nikajiambia. Alhamisi nilitandika msasa juu ya kioo, nikausugua uso wake wa chini mpaka ukalala sawasawa. Mpini nikautia gundi, nikaubana, nikaupaka vanishi mara tatu. Mara tatu, mimi huyu! Niliitukana mikono yangu, nayo ikajitia haisikii.

Mke wangu akaja na chai, akaiona. "Mbona inang'aa hivyo?"

"Usiogope, kisu sijakigusa. Hakikati kitu."

Akacheka, akarudi ndani kufunga sanduku.

Ijumaa mzee alikaa kwenye kigoda chake. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kazi aliipima kwa masikio. Nikafunga ubao, nikasukuma. Randa ikaruka, ikakwaruza, ikauchana ubao vibaya. Nilisikia aibu mpaka kwenye meno.

Mzee alinyoosha mkono, akaugusa ubao. "Basi," akasema taratibu. "Nendeni, mwanangu. Nendeni kwa radhi zangu."

Mwanangu! Miaka sita sikuwahi kulisikia neno hilo. Mlango ulikuwa wazi, sina deni la mtu, nilichotakiwa ni kusema ahsante na kuondoka. Nikautazama ule ubao uliochanika.

"Ngoja kidogo, Baba," nikasema.

Nikakichomoa kisu, nikachukua jiwe, nikakinoa mpaka kikanyoa malaika ya mkono wangu. Nikakirudisha, nikasukuma tena. Randa ikaimba. Maranda yakatoka marefu, mepesi, yakajikunja juu ya vidole vyangu, na mahali palipochanika pakawa laini kama hapakuwahi kuguswa. Mzee alicheka hadi akakohoa, kisha akapapasa mfukoni, akanitilia funguo za karakana mkononi.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa mlangoni na sanduku.

"Alishasema twende," akasema. "Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Ubao ulikuwa umechanika," nikamjibu.

Alinitazama, akarudi chumbani kufungua sanduku. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita, na mpaka leo sijapata jibu lingine la kumpa.